Dada Aliyesimamisha Fainali

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, hapa ndipo tulipofika. Mourine Wanzala, yule winga wa kushoto aliyewakalisha mabeki chini kutoka Kibera hadi Kawangware, alirudishwa nyumbani kutoka kambi ya timu ya taifa kabla jasho la mazoezi ya kwanza halijakauka. Gatwekera nzima, mtaa wao wa huko Kibera, aliiambia kwamba ameumia kifundo cha mguu. Akajifunza kuchechemea. Akamdanganya mama yake, Sella. Akamdanganya mdogo wake, Valentine. Akamdanganya hata Kocha Lazarus, aliyemfundisha kupiga mpira tangu akiwa msichana wa shule ya msingi.

Mguu haukuwa na neno. Daktari wa kambi ndiye aliyeweka chombo chake kifuani pa Mourine, akasikiliza, akasikiliza tena, kisha akamwambia avue jezi aketi chini.

Ijumaa asubuhi, Mourine alienda peke yake kumwona Daktari Kavoi, mtaalamu wa moyo ambaye Mourine alikuwa ameelekezwa kwake. Alienda na matumaini. Watu hupewa dawa. Watu hupona. Kichwani alikuwa ameshapanga atakavyorudi kambini na jinsi wenzake watakavyompokea kwa kelele.

"Daktari, hizo dawa nitakunywa mpaka lini?"

"Dawa utakunywa. Lakini mpira, Mourine, hapana."

"Hapana mpaka lini?"

Daktari Kavoi alikuwa mama wa makamo asiyependa kuzungusha maneno. Alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Ukuta wa moyo wako umenenepa kupita kiasi. Ukitembea, hakuna shida. Ukipanda ngazi polepole, sawa. Lakini ukikimbia vile wewe hukimbia, unaweza kuzima kama taa stima ikikatika. Bila onyo. Sikufichi."

"Hata mechi moja?"

"Hata mazoezi. Hata kukimbilia gari."

Mourine aliitazama miguu yake. Miguu yenyewe ilikuwa mizima, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Baba yako yuko?" daktari aliuliza.

"Alifariki nikiwa mdogo. Alikuwa fundi wa mjengo. Siku hiyo alikuwa amebeba zege, akaanguka."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Alikuwa na nguvu kushinda wenzake wote."

Daktari aliliandika hilo.

"Ugonjwa huu hutembea kwa damu. Mzazi humpa mtoto bila kujua. Una ndugu?"

"Mmoja. Mdogo wangu, Valentine."

"Yuko shule?"

"Alimaliza. Anacheza mpira."

Daktari Kavoi alimshika mkono, akaubana.

"Mlete Jumatatu nimpime. Na mpaka nimpime, asikimbie. Umenisikia? Hata kidogo."

*

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mourine alikuwa akiyapanga maneno. Uongo umefika mwisho. Ataingia, ataketi, atasema yote. Mama atalia, sawa. Valentine atalia, sawa. Watalia pamoja yaishe.

Alipokaribia mlango alisikia vigelegele.

Mama Sella alikuwa amefunga kibanda chake cha mboga mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kwa matanga. Majirani walijazana mlangoni. Katikati yao alikuwepo Valentine, anacheza bila muziki, amevaa jezi namba kumi na moja.

Ilikuwa jezi ya Mourine.

"Siz! Cheki!" Valentine alimrukia dada yake shingoni. "Kocha amenipea namba yako! Jumapili naanza! Fainali, siz! Na kuna skauti wa klabu amekuja kutoka Dar, anatafuta winga. Winga, unaskia?"

"Nyasaye, Mungu wetu, ameona machozi yangu," Mama Sella alisema huku akijifuta uso kwa leso. "Wewe umeumia mguu, nikadhani tumekwisha. Kumbe alikuwa ananiandalia huyu."

Mourine alifungua mdomo.

Valentine akamsogezea midomo sikioni, ili majirani wasisikie.

"Unajua wasee wa timu huko Gatina huniita aje? Mdogo wa Mourine. Miaka yote hiyo kwa benchi, hakuna mtu hata anajua jina yangu. Jumapili wataijua."

Alikuwa akitetemeka kwa furaha. Mourine alizihisi mbavu za mdogo wake zikibana zake, na humo ndani ya mbavu, moyo ukienda mbio.

Yale maneno yote aliyoyapanga yakarudi tumboni.

"Hongera, Vale," alisema. "Hongera sana."

Kesho, alijiambia. Nitasema kesho.

*

Kesho yake alifunga safari hadi Gatina, huko Kawangware, kumtafuta Kocha Lazarus. Lazarus alikuwa akiuza viatu vya mitumba siku za kazi na kufundisha mpira jioni, na timu yake ya wasichana ndiyo iliyokuwa imefika fainali ya Jumapili. Alimkuta akipiga rangi viatu.

"Mourine! Mguu unasemaje?"

"Kocha, Vale usimwanzishe kesho."

Lazarus alicheka. Alipoona Mourine hacheki, akaweka brashi chini.

"Kwa nini?"

Hapo palikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Fupi. Lakini akiisema, Lazarus atajua, na Lazarus akijua, Gatina itajua, na kabla ya jua kutua Kibera itakuwa inajua kwamba Mourine Wanzala amekwisha. Na kulikuwa na tumaini dogo ambalo alikuwa akimficha hata Daktari Kavoi: kwamba huenda daktari mwingine angesema vingine. Sentensi ile ingelizika tumaini hilo.

"Hayuko tayari," alisema.

"Nani huwa tayari? Wewe ulikuwa tayari siku nilikuweka na wasichana wakubwa, ukalia ati wanakukanyaga?"

"Kocha, nakuomba. Mpe wiki moja tu."

"Skauti yuko hapa kesho, si wiki ijayo!" Lazarus alisimama. "Mourine, mimi nimekulea. Sikujua uko na roho kama hii. Mguu wako umeumia, sasa unataka na wa mdogo wako ukatwe?"

Mourine aligeuka akaondoka haraka, machozi yakimtoka.

Aliondoka kwa hatua za mtu mwenye miguu mizima kabisa. Alisahau kuchechemea. Na Lazarus, aliyekuwa amesimama mlangoni akimtazama, aliliona hilo.

Jioni Valentine hakurudi Gatwekera. Kocha alikuwa amewaambia wachezaji walale Gatina, katika nyumba ya kepteni wao, Caren. Mourine alipiga simu. Sasa alikuwa tayari kusema. Sasa hata asingesubiri salamu.

"Vale, nisikize..."

"Kocha ameniambia." Sauti ya Valentine ilikuwa ya baridi, sauti ambayo Mourine hakuwahi kuisikia kwake. "Ameniambia ulikuja kuniharibia. Na ati hata mguu si mgonjwa, unatembea poa tu. Kwani mimi nilikukosea nini, Mourine?"

Hakuwahi kumwita Mourine. Siku zote ilikuwa siz.

"Vale, si hivyo, ngoja nikuambie..."

Simu ilikatika. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

*

Jumapili uwanja ulifurika kabla timu hazijatoka. Waliotoka kanisani walikuja na Biblia zao mikononi. Wapinzani walikuwa wasichana wa Kangemi, wakubwa wa miili na wagumu wa miguu.

Mourine alipenya hadi kwenye benchi. Lazarus alimwona, akamzuia kwa mkono.

"Rudi nyuma ukae na mashabiki."

"Kocha, ni moyo!"

"Najua ni moyo. Moyo wa wivu, jana niliuona."

"Hunielewi! Daktari amesema..."

"Vijana, mtoeni huyu hapa."

Wakamtoa. Filimbi ikalia.

Na Valentine akacheza.

Alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mpira wa kwanza aliopewa alimpitishia beki katikati ya miguu, uwanja ukapiga mayowe. Wa pili akatoa krosi iliyogonga mwamba. Wa tatu hakumpa mtu. Alianzia karibu na mstari wa kati, akawapita wawili, akamvuta kipa nje, akauweka wavuni taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Mourine alijikuta ameruka juu, anapiga kelele. Kwa muda huo alisahau kila kitu. Alikuwa dada tu, mdogo wake amefunga bao la fainali.

"Vale! Vale! Vale!" Gatina ilikuwa ikiimba. Wamelijua jina.

Upande wa pili, mama mmoja aliyevaa kofia ya michezo aliinuka kwenye kiti ili aone vizuri. Ndiye aliyekuwa skauti wa kutoka Dar.

Kipindi cha pili kilipoanza, Valentine alikimbiza mpira hadi kwenye kona, ukatoka. Akainama. Mkono mmoja ukashika goti. Mwingine ukaenda kifuani, upande wa kushoto, ukabana jezi.

Mourine alimwona Caren akimwendea mdogo wake, akimuuliza kitu. Alimwona Valentine akitikisa kichwa, akijinyoosha, akivuta pumzi kwa mdomo wazi. Kisha akaanza kukimbia tena.

Mourine hakuamua. Miguu ndiyo iliyoamua. Aliikanyaga chokaa ya mstari akaingia ndani.

Hakukimbia. Alitembea, moja kwa moja, mpira ukipita mbele yake, wachezaji wakimkwepa, mashabiki wakimtukana. Refa, bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Isaac, alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Wewe! Toka uwanjani!"

Mourine alifika, akamshika Valentine mikono yote miwili.

"Usikimbie tena. Tafadhali. Usikimbie."

"Niachilie!"

"Umeshika kifua. Imekuanza lini?"

"Ni pumzi tu! Niachilie, skauti anaona!"

"Vale, sikuumia mguu. Nilidanganya. Ni moyo. Moyo wangu ni mgonjwa, ndiyo maana walinirudisha. Daktari anasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, ulitoka kwa Baba, na wewe unaweza kuwa nao. Unaweza kuanguka hapa saa hii. Kama Baba."

Alisema yote kwa pumzi moja, mbele ya timu mbili na refa na nusu ya Kawangware.

Valentine alijinasua mikono.

"Jana ulienda kwa kocha."

"Ndiyo."

"Ulimwambia maneno ya moyo?"

"Hapana."

"Ulimwambia nini?"

Mourine alishindwa kumtazama machoni.

"Nilimwambia hauko tayari."

"Sasa leo nimefunga bao, wanaimba jina langu, ndio unakumbuka moyo." Machozi yalikuwa yakimtiririka Valentine lakini sauti haikutetemeka. "Wewe ulikuwa na yote, Mourine. Yote. Mimi niliomba siku moja tu."

Lazarus alikuwa amefika mbio. Aliwatazama wote wawili, uso umembadilika rangi. Alimkumbuka Wanzala, baba yao. Alikuwepo siku ile mwili ulipoletwa kutoka mjengoni.

"Vale," alisema polepole. "Toka."

"Kocha!"

"Nimesema toka, binti yangu. Siwezi."

Valentine alivua jezi palepale, akabaki na fulana, akaiangusha miguuni pa dada yake. Alitoka uwanjani na hakusimama kwenye benchi. Alipita katikati ya watu akaenda zake.

Bila yeye Gatina waliporomoka. Kangemi walirudisha bao, kisha wakaongeza. Filimbi ya mwisho ilipolia, wasichana walikuwa wameketi kwenye vumbi wakilia, na hakuna hata mmoja aliyemsemesha Mourine. Yule mama wa kutoka Dar alikuwa akiongea na Caren.

*

Nyumbani, Mama Sella alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Mourine alipomaliza, alimngoja amfokee, au amkumbatie. Mama hakufanya lolote kati ya hayo.

"Alikuwa akishika hapa," mama alisema, akagusa kifua chake. "Baba yenu. Akitoka kazini jioni anasimama mlangoni, anashika hapa, anasema ni uchovu. Mimi namwekea maji ya kuoga."

"Mama..."

"Kwa hivyo hakurogwa."

Tangu utotoni Mourine alijua kwamba kwao Funyula, kijijini kwa baba, hawakanyagi, kwa sababu Wekulo, ndugu wa baba, alimtupia baba uchawi wa kugombania shamba. Ndivyo walivyoambiwa. Ndivyo Mama Sella alivyosimama akatangaza mbele ya kaburi, watu wote wakisikia.

"Wekulo alilia siku hiyo," Mama Sella alisema. "Alilia kama mtoto mdogo, ananiapia. Nikamtemea mate."

Kisha yeye mwenyewe akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha kubembelezwa.

*

Jumatatu walienda kwa Daktari Kavoi wote watatu. Valentine alikuwa amekubali kwa sababu Lazarus alimwambia hatampanga tena bila kupimwa. Alikaa upande mmoja wa benchi, Mourine upande wa pili, mama katikati.

Valentine akaitwa ndani. Wakampima mapigo. Wakampiga picha ya moyo. Wakamkimbiza kwenye mashine huku nyaya zimemjaa kifuani. Kule nje, Mourine aliomba kama hajawahi kuomba. Aliomba mdogo wake awe mzima.

Jambo moja linapaswa kusemwa, maana hadithi hii haifichi kitu. Katikati ya maombi yale, sauti ndogo ilipita kichwani mwa Mourine ikauliza: akiwa mzima, utamwangalia vipi? Aliifukuza sauti ile. Lakini aliisikia.

Daktari Kavoi alitoka akitabasamu.

"Moyo wake uko sawa. Sijaona kasoro yoyote. Atarudi kila mwaka nimwangalie, maana ugonjwa huu wakati mwingine huchelewa kujionyesha. Lakini leo ni mzima."

"Na kile kifua?" mama aliuliza.

"Alikuwa amekula nini siku ya mechi?"

"Sikula," Valentine alisema. "Nilikuwa na wasiwasi tangu usiku. Sikuweza kumeza kitu."

"Basi ndiyo hiyo. Gesi na wasiwasi."

Mama Sella alipiga kigelegele ndani ya hospitali, wauguzi wakageuka. Alimkumbatia Valentine, akamkumbatia daktari. Mourine alicheka na kulia kwa pamoja, akanyoosha mikono.

Valentine hakunyoosha yake.

"Kwa hivyo ningecheza," alisema.

"Vale..."

"Ningemaliza mechi. Singekufa." Alisema bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Caren amechukuliwa, ulijua? Anaenda Dar. Na Caren ni beki."

*

Siku chache zikapita bila wao wawili kusema zaidi ya habari ya asubuhi. Kisha Lazarus akaleta habari ambayo hakuna aliyeitarajia. Alikuwa amemfuata yule skauti hadi alikofikia, akamweleza yote, akamsihi. Yule mama alikuwa hajaondoka Nairobi. Bado hakuwa amepata winga. Angekuja kumtazama Valentine mazoezini, mara moja tu, kesho yake jioni.

Mama Sella alilia kwa furaha. Mourine alilia chooni, mahali ambapo hakuna mtu angemwona. Alidhani Mungu amemfutia deni.

Kumbe bado.

Asubuhi ya siku hiyo Lazarus alimpigia simu.

"Njoo uwanjani. Sasa hivi."

"Kocha, Vale hatapenda kuniona."

"Ni yeye amesema uitwe."

Mourine alimkuta Valentine ameketi peke yake katikati ya uwanja, njumu miguuni, mpira pembeni. Lazarus alikuwa amesimama mbali, ameweka mikono kichwani kama mtu aliyefiwa.

"Anashindwa kukimbia," Lazarus alimnong'oneza. "Tangu jana. Namrushia mpira, anaanza vizuri, halafu anasimama. Hakuna mtu amemgusa. Anasimama tu."

Mourine alienda akaketi kando ya mdogo wake. Hawakuangaliana.

"Nikianza kukimbia nausikia," Valentine alisema baadaye. "Moyo. Zamani sikuwa nausikia. Ulikuwa tu huko ndani, unafanya kazi yake. Sasa kila hatua nausikiliza. Unapiga, nangoja uzime. Najua ni mzima. Daktari ameniambia. Kichwa kinajua. Miguu haijui."

"Vale, nisamehe."

"Sijakuita kwa hiyo." Valentine alimgeukia kwa mara ya kwanza tangu fainali. Macho yalikuwa mekundu, na humo hamkuwa na chuki tena. Kulikuwa na woga mtupu, kama wa mtoto aliyeamka peke yake ndani ya nyumba. "Anakuja jioni, siz. Anakuja, na mimi siwezi kukimbia."

Siz. Amemwita siz.

"Nifanye nini, Vale? Niambie nifanye nini."

"Siogopi kama uko kando yangu. Sijui kwa nini. Nimekuwa hapa tangu alfajiri nikifikiria, na kila nikifikiria ni hiyo tu. Najua daktari alisema nini. Siombi mechi. Kimbia na mimi toka hapa hadi kwa goli, mara moja, miguu yangu ikumbuke. Nikiona wewe unakimbia hujaanguka, nitaamini."

Alipomaliza kusema alijifunika mdomo kwa kiganja, kana kwamba yeye mwenyewe ameshtushwa na alichokiomba.

"Hapana," alisema haraka. "Wacha. Sahau. Nimesema upuzi, siz, sahau."

Alisimama, akauchukua mpira, akauweka mbele yake. Alivuta pumzi. Akaanza. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, nywele zikipepea. Kisha mkono ukaenda kifuani, na mwili wote ukasimama kama umegonga ukuta. Mpira ukabingirika peke yake.

Hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Goli halikuwa mbali. Mourine alikuwa amelikimbilia mara zisizohesabika, bila kuwaza, kama wengine wanavyokwenda dukani. Aliyakumbuka maneno ya Daktari Kavoi, yote, jinsi yalivyosemwa. Aliukumbuka uso wa mama siku ile ya fainali. Kutoka pembeni Lazarus, ambaye hakuwa amesikia neno hata moja la mazungumzo yao, alimwona akiinuka.

"Mourine?" aliita. "Mourine, unafanya nini?"

Mourine alivua sandali zake, akaziweka kando moja juu ya nyingine, akaenda kusimama upande wa kushoto wa mdogo wake.

"Usiniangalie mimi," alimwambia. "Tukikimbia, angalia goli."